Kifungu cha Mia Tatu na Moja

Wanaosema majini hutoka usiku tu hawajawahi kukaa Tabora mwezi wa Oktoba, saa saba mchana, jua likiwa utosini, mbwa wamejibanza chini ya mikokoteni na mtaa mzima kimya utadhani watu wamehama. Ilikuwa saa hiyo hiyo, nyumbani kwake mtaa wa Cheyo, Kuluthumu binti Majidi alipofungua daftari la mwanawe akakuta namba isiyokuwapo.

Ngoja nianze vizuri, maana kazi ya mwanamke huyu wengi hawaijui, na wanaoijua huidharau mpaka wawaone watoto wao wakigombania vitabu vyake. Kuluthumu alikuwa mwalimu wa fizikia katika shule moja ya sekondari hapo mjini. Jioni na siku za mapumziko aliandika vitabu vya watoto wakubwa, wa miaka kumi na moja mpaka kumi na minne, mfululizo alioupa jina Msafara wa Nyota. Havisomwi kuanzia mwanzo mpaka mwisho. Msomaji mwenyewe ndiye nahodha wa chombo cha anga. Anasoma kifungu kifupi, kisha anaambiwa achague: ukitaka kutua, nenda kifungu cha 58. Ukitaka kupita, nenda cha 203. Anaruka huku na huku mpaka afike salama au afe. Watoto walivipendea huko kufa. Mtoto aliweza kufa mara nne kabla ya chakula cha mchana, na kila mara akarudi kifungu cha kwanza akicheka.

Kila kitabu kilikuwa na vifungu mia tatu kamili. Kabla hakijaenda kwa mchapishaji, Zuwena, binti yake wa pekee mwenye miaka kumi na mitatu, alikijaribu kwanza. Alikaa mkekani ukumbini na rundo la karatasi, akiandika daftarini kila namba aliyoipitia, ili mama yake aone kama kuna njia iliyokatika katikati. Alikuwa mjaribu mkali, hana aibu. Aliwahi kumwambia mama yake mbele za wageni kwamba kitabu cha pili kina sayari inayochosha.

Siku hiyo daftari lilisema: 1, 44, 119, 187, 301.

"Zuwena, hapa umekosea," Kuluthumu alisema. "Kitabu kinaishia mia tatu."

"Sijakosea, mama. Roboti ameniambia niende huko."

"Roboti yupi?"

"Mpagazi Namba Saba. Nilimjibu kushoto, akaniuliza tena kulia au kushoto, nikamwambia kulia." Zuwena alikuwa akijikuna bega. "Lakini mama, roboti gani ananuka tumbaku?"

Kuluthumu alipekua karatasi zote, moja moja. Ya mwisho ilikuwa ya mia tatu, na chini yake hapakuwa na kitu ila mkeka. Alicheka kidogo, ili mtoto asikie kwamba mama anacheka. Lakini harufu ile na yeye aliisikia: tumbaku mbichi, moshi wa kuni, na jasho la mtu aliyetembea siku nyingi bila kuoga. Akakaa chini, maana alijua roboti yule alimtoa wapi.

Alimtoa kwa bibi yake, Bibi Doto, aliyekuwa akisimulia huku anasonga ugali. Zamani, bibi alisema, misafara ya pembe na chumvi ilipita hapa ikienda Ujiji na kurudi pwani, na waliobeba mizigo ni babu zetu wenyewe. Mmoja wao alishikwa na homa penye njia panda, upande wa machweo wa mji. Kirangozi, yule anayeongoza msafara, alimwambia: kaa hapa na mzigo wako, usiutue, nitarudi nikuambie ni kulia au ni kushoto. Hakurudi. Mpagazi yule alikufa amesimama, na kilichosimama mahali pake mpaka leo si mtu.

"Na akiniuliza, bibi?" Kuluthumu mdogo alikuwa akiuliza, magoti yamebana kidevu.

"Ukimjibu umekuwa kirangozi wake. Atakufuata mpaka ndani, na penye njia mbili zozote atakuuliza. Siku ukichoka kumjibu, mzigo ni wako, na kuuliza ni kwako."

"Sasa nifanyeje?"

"Unyamaze, upite. Hata 'sijui' usiseme."

Miaka thelathini baadaye Kuluthumu, mwanamke wa sayansi, alimkumbuka akaona atafaa. Akamvisha bati, akampa namba, akamsimamisha kwenye mwezi wa tatu wa sayari moja na kasha begani. Mwanzoni alimwandika kama bibi alivyosema, kwa njia tatu: ukimjibu kulia, nenda 94, ukimjibu kushoto, nenda 187, ukinyamaza ukapita, nenda 301. Lakini jalada lilikwisha kuchorwa, na juu yake kwa herufi nene limeandikwa VIFUNGU 300. Kimoja kilikuwa kimezidi. Akatafuta cha kukata, akakata hicho. Kilikuwa na mstari mmoja tu, na tena, alijisemea, mtoto gani atachagua kunyamaza?

Hakumwambia mumewe. Sabiri alikuwa fundi seremala, karakana yake iko uani, mtu wa kushinda na misumari mdomoni kiasi kwamba majirani walidhani hajui kuongea. Kuluthumu alifungia karatasi kabatini, akaweka ufunguo kifuani, akajiambia yamekwisha.

Siku ya pili Zuwena alianza kusimama milangoni. Akitoka chumbani anasimama. Akifika jikoni anasimama. Midomo inacheza, kisha anaingia. Ukimwita anaitika vizuri tu. Saa saba mchana, mtaa ukishalala, Kuluthumu alisikia njuga koridoni, zile kengele ndogo za kufunga miguuni, hatua moja, kimya, hatua moja, kimya. Alipofungua mlango alimkuta mwanawe peke yake, pekupeku, hana njuga wala uzi mguuni.

"Unaongea na nani, mwanangu?" aliuliza kwa sauti ya chini.

"Namjibu, mama. Anauliza sana. Nimechoka."

Siku ya tatu bega la kulia lilikuwa limeshuka. Kuluthumu alipomvua gauni amkande aliona ngozi ya begani imekuwa ngumu na nyeusi, sugu kabisa, sugu ya mtu aliyebeba kitu kizito tangu ujana wake. Alimpaka asali na mafuta ya nazi, akalia bila sauti, akijua kwamba ni yeye aliyempeleka mtoto wake mahali alipokatazwa na bibi yake.

Mchana wa siku ya nne Zuwena hakuwamo ndani. Sabiri alitupa randa akakimbia, na Kuluthumu nyuma yake na kanga inamdondoka, wakapita nyumba za mwisho, wakamwona mbali kwenye njia ya vumbi inayoelekea machweo, anatembea ameinama upande, polepole, mkono wa kulia umepanda juu umeshikilia hewa iliyokaa begani, na Sabiri alipomfikia alimpiga mikono kiunoni ili amnyanyue, yeye aliyezoea kubeba mbao za mninga mbili mbili toka kwenye lori, akavuta, akavuta tena mpaka mishipa ya shingo ikamtoka, na yule mtoto wa kilo thelathini na tano hakuacha ardhi hata upana wa kucha.

"Mama Zuwena," Sabiri alinong'ona, na uso wake ulikuwa wa majivu, "huyu hayuko peke yake."

Walisubiri hapo juani mpaka kivuli kilipogeuka, ndipo akawa mwepesi. Hospitali walikwenda. Daktari alimpima kwa uangalifu, akampiga picha, akasema mifupa ni mizima na damu ni safi, akawaomba wamrudishe wiki ijayo. Sabiri hakungoja wiki ijayo. Alikwenda kumwita Maalimu Lukumani.

Lukumani alifundisha madrasa asubuhi na kutengeneza vyerehani mchana, na mikono yake ilinuka mafuta ya cherehani hata akishika msahafu. Hakuja na hirizi wala kuku mweusi. Alimtazama Zuwena aliyekuwa pembeni akinong'ona peke yake, akauliza, "Mtoto alikuwa anafanya nini ilipoanza?" Alipoambiwa alikuwa anasoma, alidai kitabu.

Aliketi akasoma kwa sauti, kuanzia karatasi ya kwanza, ya pili, ya tatu, kama watu wote wasomavyo. Akafika ya kumi na mbili akaziweka chini.

"Mwalimu, kazi yako imeharibika. Hapa mtu ameungua na jua, amekufa. Ukurasa unaofuata anakunywa chai."

"Hakisomwi hivyo, Maalimu. Unachagua, halafu unaruka."

"Mimi sijui kuruka. Najua kusoma mbele tu." Akaendelea, amekunja uso. Sabiri ndiye aliyegundua kwanza, akamgusa mkewe mkono. Zuwena alikuwa amenyamaza. Alikuwa amegeuza kichwa kumwelekea msomaji, na macho yake yalihangaika, yanakwenda huku na huku kwenye ukuta mtupu.

"Mmeona?" Lukumani alisema taratibu, bila kuinua uso. "Mimi hana pa kuniulizia." Akasoma mpaka kwenye mwezi wa tatu, kwa roboti mwenye kasha, na hapo akasimama. "Anayemjibu kulia ana pa kwenda. Anayemjibu kushoto anapo. Anayenyamaza anakwenda wapi?"

Ndipo Kuluthumu aliposema yote, tangu ugali wa bibi mpaka jalada, na kwa mara ya kwanza katika ndoa yao Sabiri alitema misumari akamtazama mkewe kwa hasira.

"Kwa ajili ya jalada?"

"Kwa ajili ya jalada, Baba Zuwena."

Lukumani alimwacha alie kidogo. Kisha akamweleza. Kesho angesoma kitabu chote kwa mfuatano, kifungu cha kwanza mpaka cha mia tatu, ili mgeni avutwe kwenye njia moja isiyo na panda. Mwishoni Kuluthumu angeandika kwa mkono wake kile alichokikata. "Lakini kabla hujaandika atauliza. Na atakuuliza wewe, maana wewe ndiye uliyemwandikia majibu. Usijibu. Hata kichwa usitikise."

Walianza asubuhi, Zuwena katikati ya mkeka, dirisha na mlango wazi. Lukumani alisoma Ayatul Kursi mara saba, kisha akaingia kwenye vyombo vya anga na sayari kwa sauti ile ile. Kufika kifungu cha mia moja harufu ya jasho la kigeni ilishajaa chumbani. Kufika mia mbili njuga zilikuwa zikizunguka mkeka, na mbao za mninga zilizoegemezwa ukutani zilitikisika kila hatua. Adhuhuri ikaingia, jua likasimama juu ya bati. "Mia tatu," Lukumani alisema, akafunga karatasi, na kinywa cha Zuwena kikafunguka, ikatoka sauti kavu ya mwanamume mwenye kiu.

"Kulia au kushoto?"

Hakuna aliyejibu.

"Nitue au nibebe?"

Kuluthumu aliinama akashika kalamu. Sauti ikabadilika, na hii ndiyo aliyokuwa akiiogopa tangu alfajiri, maana sasa ilikuwa ya Zuwena mwenyewe, Zuwena mwenye homa, Zuwena wa utotoni aliyekuwa akimwita gizani aletewe maji, inalia, inakwama kooni, inasema mama, naumia, mama, mbona hunitazami, niambie neno moja tu, mama, nipone au nife? Sabiri aliinuka. Lukumani alimvuta chini, akamsokomeza kofia yake mwenyewe mdomoni, na baba wa watu akaing'ata akilia. Mama, nipone au nife? Na Kuluthumu, ambaye jibu lilikuwa limejaa kinywani mpaka meno yakamuuma, aliuma ulimi akasikia damu, akaandika: 301. Unanyamaza. Unapita.

Kitu kizito kilianguka koridoni. Nyumba nzima ilitikisika. Walipokwenda kuangalia walikuta sementi imepasuka upana wa ungo, na juu yake hakuna chochote. Zuwena alikuwa amelala chali, mabega sawa, anakoroma. Sabiri alimnyanyua kwa mkono mmoja, akamshusha, akamnyanyua tena, hakutaka kuacha.

Mlangoni, akivaa viatu, Lukumani alimwita Kuluthumu kando. "Katoka. Sikwambii kafa. Ameshajifunza sauti za nyumba hii. Mtu akikuuliza swali la njia mbili, Mwalimu, wewe hasa, usijibu. Hata akiwa mwanao."

"Mpaka lini, Maalimu?"

"Hilo sijui. Usimwambie mtoto. Akijua atakuwa akimwaza, na kumwaza ni kumwita."

Kitabu kile, cha nne katika mfululizo, kilitoka bila roboti, na mchoraji alilazimika kuandika upya jalada. Zuwena hakukumbuka kitu. Alipona, alinenepa, alirudi kuwasumbua wageni. Lakini nyumbani kulikuwa na jambo jipya ambalo hakulielewa. Akiuliza, "Mama, nipike wali au ugali?" mama yake aliinuka akapika mwenyewe. Akiuliza, "Mama, mwisho huu ni mzuri au mbaya?" mama yake aliangalia dirishani. Baba ndiye aliyejibu, akiwapo. Mtoto alidhani ni uchovu, kisha akadhani ni hasira. Mwishowe aliacha kuuliza, na kitabu cha tano hakukijaribu. Kuluthumu aliyaona yote hayo, na yalimtafuna.

Ukapita mwaka. Oktoba ikarudi na jua lake. Sabiri alikuwa Isikizya akifunga milango ya nyumba ya mtu. Kuluthumu alikuwa ukumbini akisahihisha mitihani, saa saba mchana, aliposikia hatua zikisimama koridoni, pale palipozibwa sementi.

Alikuwa Zuwena, na sare ya shule. Alikuwa amelia muda mrefu.

"Mama, nataka nikuulize kitu, na leo usiangalie dirishani."

Kuluthumu aliweka kalamu chini.

"Unanipenda au unaniogopa?"

Alimtazama mabega. Yalikuwa sawa, yote mawili. Alinusa; sabuni tu na vumbi la shuleni. Alitega sikio, hakusikia kitu. Lakini ndivyo angekuja, hata Lukumani alisema, kwa sauti hii hii, na kwa machozi haya haya labda. Alijua akinyamaza mara hii, hata kama si yeye, binti huyu ataondoka kwenye mlango huu na hatarudi tena kumuuliza neno maishani. Alikuwa amekwisha kunyamaza mara moja mtoto akiomba kuishi. Hakuwa na nguvu ya mara ya pili, na wala hakutaka kuwa nayo.

"Nakupenda," alisema. "Nakupenda, mwanangu. Hata nilipoangalia dirishani nilikupenda."

Zuwena alimrukia shingoni, akawa mwepesi, akawa Zuwena kabisa, pua inamtoka kamasi. Aliyeuliza alikuwa mtoto wake. Lakini koridoni, nyuma ya mgongo wa mtoto, njuga zilipiga hatua moja, na Kuluthumu akamkumbatia kwa nguvu zaidi ili asigeuke. Harufu ya tumbaku ilimfikia taratibu. Kisha kitu kikakaa juu ya bega lake la kulia, kwa adabu, kama mtu anayetua mzigo kwa mwenyeji wake. Kilikuwa kizito sana.

"Nenda kaweke chai, mama," alimwambia binti yake. "Weka na tangawizi."

Zuwena yuko kidato cha tatu sasa, hajambo, na mdomo wake haujapungua. Mwalimu Kuluthumu utamwona akitoka shule, ameinamia upande mmoja. Kila njia panda anasimama, midomo inacheza. Anajibu, ili asiulizwe mwingine nyumbani kwake. Watu wanasema ni uzee umemuwahi. Juzi, kwenye kona ya kwenda stesheni, alisimama muda mrefu kuliko kawaida, akamgeukia mama muuza karanga, akafungua mdomo. Kisha akaufumba, akaenda zake. Ukipishana naye mpe shikamoo yake, ni mtu mwema na ataitikia marahaba. Lakini akikuuliza njia, hata kwa upole namna gani, nakuomba unyamaze upite.